Mtoni Pembeani, Bibi Anauliza Kama Umekula

Nilikuwa nachambua mchicha, ule ninaoupanda mwenyewe kwenye ndoo za kibarazani hapa Columbia Heights, Minnesota, kila jua linapotuhurumia, simu ikalia. Mikono imejaa udongo, nikaipokea kwa kiwiko. Ilikuwa sauti ya binti, Kiingereza chake laini kama anaongea na mgonjwa.

"Samahani mama, wewe ndiye yule mtoto?"

Mtu mwenye magoti kama yangu akiulizwa kama ni mtoto, anakaa chini kwanza. Nikakaa.

"Mtoto gani?"

"Yule aliyekuja na bibi yake, miaka ya tisini, wakatupa sauti ya mtoni."

Alikuwa anapiga kutoka Pembeani. Jina hilo usilitafute kwenye ramani, ni letu wenyewe. Ni uwanja wa michezo, huko kaskazini mji unapoanza kuchoka, wenye treni ya kupanda na kushuka, vikombe vya kuzunguka na mto wa kuchimba ambao watu wanapita na vimashua. Jina lake la Kizungu lilimshinda bibi yangu kutamka, na kitu cha kwanza alichokiona getini ni pembea zinazunguka hewani zimebeba watu wazima wanaopiga mayowe. Akasema, "Hapa ni Pembeani," na ikawa hivyo kwa nyumba yetu, kisha kwa Wakenya wa jirani, kisha kwa watu ambao hawajawahi hata kumwona Bibi.

Binti akaniambia wanaukarabati ule mto. Wanataka kuondoa kila kitu kinachoweza kumuudhi mtu, lakini wasiwaudhi waliokua nao. Namba yangu kaipata kanisani Brooklyn Center, kwa jirani yangu wa zamani. "Tunaomba uje utuambie yule mama wa kwenye kipaza sauti cha mtoni anasema nini hasa," akasema. "Ubao wa mwanzo wa mto unasema hivi, lakini kuna watu wametuambia ubao unadanganya."

Nusura simu idondokee kwenye mchicha. Maana ubao ulikuwa unadanganya kweli, na mwongo mwenyewe ni mimi.

Sasa vuta kiti, nikueleze kutoka mwanzo. Nitapotea njiani mara mbili tatu, ila nitarudi.

Mama na mimi tulifika Minnesota nikiwa na miaka kumi. Mama alipata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba yao, na mwaka wa pili akamleta mama yake, bibi yangu, kutoka Korogwe, aje kunilinda yeye akiwa kazini. Kusema kweli ni mimi niliyemlinda Bibi. Alikuwa anatoka nje na kandambili kwenye theluji kwenda kuangalia kama bado ni baridi. Anarudi anasema, "Bado."

Bibi alikuwa na swali moja. Nikirudi shule, kabla hata sijavua begi: "Umekula?" Nami mbio zangu ni za kwenda kucheza uani na watoto wa ghorofa, nasema, "Nimekula, Bibi."

"Nipe mkono."

Ananusa vidole. Shuleni tulikuwa tunakula kwa uma, mkono wangu unanuka sabuni tu. "Mwongo. Hujala." Ukimweleza habari za uma, anakwambia huko ni kukichokoa chakula, siyo kukila. Basi nakaa, nakula ugali wa ule unga wa njano, kwa sababu mweupe siku zile ulikuwa wa kuutafuta kwa tochi, si kama sasa maduka ya Kiafrika yamejaa Brooklyn Center mpaka unachagua. Mboga alizipata Saint Paul, kwenye soko la Wahmong, watu waliotoka milima ya Asia. Pale alikuwa na rafiki, bibi mwenzake wa Kihmong. Huyu haongei Kiswahili, huyu haongei Kihmong, na wote wawili Kiingereza hawana. Walikaa saa nzima wanaoneshana majani ya maboga, wanacheka. Mimi nimesimama na mfuko, natafsiri kitu ambacho hakihitaji mkalimani.

Naam, mto.

Mwisho wa mwaka wa shule, mwalimu wetu alilipeleka darasa zima Pembeani. Nilingoja siku ile nikihesabu kwa vidole. Nilikula soseji iliyovikwa unga wa mahindi na kuchomekwa kijiti, nikapanda vikombe, nikacheka mpaka nikataka kutapika. Kisha tukapanda vimashua. Mto una maji ya kijani yanayonuka dawa ya bwawa la kuogelea, unapita chini ya miti ya plastiki, unakunja kona, na pale konani wakawa wamekaa "Waafrika". Masanamu sita, weusi kama lami, mifupa puani, majani kiunoni, wamezunguka chungu kikubwa, na ndani ya chungu mzungu wa plastiki na kofia yake. Mmoja, mwanamke aliyekaa juu ya jiwe, ndiye malkia. Kutoka kwenye kipaza sauti kilichofichwa nyuma yake ikatoka sauti ya mwanamume inabwata "uga-buga, uga-buga."

Mashua nzima ikageuka kuniangalia mimi. Mwalimu, mama mwema kabisa, akaangalia maji.

Kwenye basi la kurudi walishaniita Uga-Buga. Kesho yake pia. Na keshokutwa yule msichana niliyekuwa nampa nusu ya keki yangu naye akaniita hivyo, kwa sauti ya chini kidogo, kwa adabu.

Nyumbani sikusema. Lakini Bibi aliponusa mkono siku ile hakusema mwongo. Alisema, "Mkono una jasho. Nani kakukosea?" Nikamwaga yote. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Huko uga-buga ni wapi? Ni Handeni?"

"Si popote, Bibi. Si lugha."

"Kama si lugha, mbona wanawaongelesha watu?"

Kwa ukuta mmoja na sisi aliishi jirani yetu Mkenya, mama wa makamo, nesi, mwenye gari la buluu lililokuwa likiwaka kwa maombi. Akasikia mambo yetu, maana kuta za ghorofa lile zilikuwa kama karatasi. Akaja na kikombe chake cha chai. "Shosho, wacha ku-stress," akamwambia Bibi. "Kesho niko off. Nitawa-drop mpaka kwa gate, na nikiona huyo manager nitamwambia kitu."

"Wewe usimwambie kitu," Bibi akasema. "Wewe una hasira, utasema Kiingereza kingi. Mimi nitakwenda nikaangalie kwanza."

Akaenda akaangalia. Alivaa gauni lake la kanisani, na mkobani akaficha viazi vitamu vya kuchemsha, kwa sababu getini walikataza kuingia na chakula, na yeye chakula cha watu wanaopiga mayowe hewani hakukiamini. Tukapanda mashua, yeye mbele kama mkaguzi. Tulipokunja ile kona akasimama. Mashua ikayumba, jirani akashika ukingo, "Yesu wangu!" Bibi akasema, "Hodi hapa!"

Masanamu hayakujibu. Kipaza sauti kikabwata.

Bibi akawatazama mmoja mmoja. Halafu akaanza. "Huyu anapikwa na kofia? Na mafiga yako wapi? Chungu kinakaa juu ya kuni tupu namna hii? Wataunguza." Kisha akatugeukia sisi. "Na hawa Wazungu wa hapa, jua likichungulia tu mwezi wa nne wanatembea vifua wazi barabarani. Halafu wanatuchonga sisi bila nguo."

Tulicheka mpaka tukashuka hatujiwezi. Lakini chini, Bibi alikuwa hacheki. Akaniambia, "Nipeleke kwa mwenye mto."

Meneja alikuwa mtu mkubwa, mwekundu shingoni, anakaa Eden Prairie kwa wenye nazo na anakuja kazini na gari safi kuliko nyumba yetu. Hakuwa mbaya. Aliposikia shida yetu alinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkalimani. Akasema yeye hakuujenga ule mto, aliukuta. Akasema baba yake alimleta pale akiwa na miaka sita, na walipofika kwenye chungu aliogopa akamshika baba yake mkono. "Baba hakuwa mtu wa kushikwa mkono," akasema. "Ilikuwa mara ile tu. Kila nikipita kona ile bado ninausikia mkono wake. Ukiniambia nivunje, unanivunjia ile kona."

Nikamtafsiria Bibi. Akamwangalia yule mtu mkubwa kwa namna aliyokuwa akiniangalia mimi nikitoka shule.

"Mwambie hatumnyang'anyi mkono wa baba yake. Tunataka watu wavae nguo. Na waseme lugha ya watu."

Basi wakakubaliana pale pale, juu ya meza yenye bilauri ya soda na viazi viwili vitamu, kwani Bibi alishavitoa, na meneja alishakula kimoja. Mifupa itatoka puani. Mzungu atatoka kwenye chungu. Bibi ataleta kanga. Na sauti ya uga-buga itafutwa, iwekwe ya mtu wa kweli.

Nitakwambia ukweli, mimi leo najua hayo yalikuwa matengenezo nusu. Ukimvisha sanamu kanga bado ni sanamu. Lakini mwaka ule, kwa mtoto wa miaka kumi na moja, ilikuwa kama tumeteka nchi.

Wiki iliyofuata tukarudi asubuhi, uwanja haujafunguliwa. Bibi akawavisha wale wanawake wa plastiki kwa mikono yake, anawafunga kanga huku anawasemesha, "Geuka basi, mbona mgumu?" Malkia alimpa kanga yake mwenyewe, nyekundu na nyeupe. Kisha fundi wa mashine akaleta kinasa sauti na maikrofoni yenye manyoya, akamwekea mdomoni. Meneja akasema aongee kwa sauti kuu, kama malkia wa mto anayewakaribisha wageni.

Bibi akaitazama ile maikrofoni. "Mimi siongei na paka."

Tukambembeleza. Hataki. Alisema maneno mawili kwa aibu, sauti kama ya mtu anayeomba chumvi. Meneja akaanza kuangalia saa. Nikamsikia anamwambia fundi kwamba ikishindikana, basi, warudishe ile kanda ya zamani kwa msimu huu. Uga-buga anarudi. Na shule ina mwaka mwingine.

Sijui nilifikiria nini. Nikapanda juu ya lile jiwe la malkia, labda nimwoneshe Bibi namna ya kukaa kimalkia. Jiwe lenyewe ni waya na karatasi ngumu, likabonyea, mguu ukateleza, raba yangu ya kushoto ikachomoka ikaenda ndani ya mto, chubwi.

Hapo Bibi akaisahau maikrofoni.

"We mtoto! Shuka huko, utavunjika! Na kiatu kingine kiko wapi? Kiko wapi kiatu? Umekula wewe? Hujala! Mtu aliyekula hapandi mawe namna hiyo! Njoo hapa nikuone!"

Sauti ilipita juu ya mto, ikagonga bati la ng'ambo, ikarudi. Fundi akainua kidole gumba. Meneja alikuwa ameshika kifua. "Mungu wangu," akasema, "ni nzuri sana. Anasema nini?"

Nimesimama na kiatu kimoja. Nikisema ukweli, watataka arudie, naye hatarudia, na Uga-Buga atarudi kukaa kwenye jina langu. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha darasa la sita: "Anasema: Karibuni, wasafiri. Mto ni mrefu na mamba wameamka."

Wakaandika hivyo hivyo. Wakachonga ubao, wakauweka mwanzo wa mto, herufi za njano.

Kwenye gari la jirani nilimweleza Bibi nilivyowadanganya. Jirani alicheka mpaka akapitiliza taa. Bibi hakucheka, alinijibu neno moja ambalo nitalitoa mbele, maana ndiko lilikonifaa.

Na kilichofuata hakuna aliyekipanga. Kiangazi kile kile wakaanza kuja watu wetu. Wanafunzi wa chuo, manesi wa Kikenya na watoto wao, Wakongo kutoka kanisani, wanapanda mashua wanasoma ubao wa mamba, wanakaa sawa wasubiri malkia wa mto. Wanakunja kona. "Umekula wewe? Hujala!" Nimeona mzee mwenye suti akiangua kicheko mpaka miwani ikaanguka majini. Siku moja kijana mmoja wa chuo akamjibu kwa sauti, "Nimekula, Bibi!" Na mashua ya nyuma, ya watoto weupe kabisa, nywele kama nyuzi za mahindi, wakadhani ndivyo inavyotakiwa. Nao wakapaza: "Nimekula!"

Ikawa ndiyo desturi ya mto. Kila mtoto wa upande ule wa mji akajua: kwenye vikombe unafumba macho, kwenye treni unainua mikono, mtoni kwenye kona unapiga kelele "Nimekula!" Hawajui maana yake. Yule msichana wa keki alinifuata shuleni kuniuliza kama mimi ni ndugu ya malkia wa mto. Nikamwambia ni mjukuu. Jina la Uga-Buga likafa hivyo, bila mazishi.

Fundi naye, vuli walipoyatoa maji kabla hayajaganda, aliiona raba yangu kwenye tope. Akaipigilia msumari juu ya jiwe, pembeni ya malkia. Ikakaa pale miaka yote.

Bibi aliondoka majira ya baridi ya tatu. Alisema ameshaangalia vya kutosha, bado ni baridi. Miaka ile tulikuwa tunatumiana barua za kaseti. Kaseti yake ilifika moja tu, dakika sitini za habari za kuku na majirani na kuniuliza kama nimekula. Nilipofika miaka kumi na mitano nikarekodi muziki wa redioni juu yake, pande zote mbili. Nakuambia wewe, hata mama sikumwambia. Bibi alifariki Korogwe mwaka uliofuata na hatukuweza kwenda. Shule nikaiacha muda si mrefu, nikaingia kuosha wazee kama mama. Nikatafuta sauti ya Bibi nyumba nzima. Haikuwepo popote, ila Pembeani.

Kwa hiyo nilikuwa naenda. Kila kiangazi mara moja, nalipa kiingilio, sipandi kingine chochote. Konani nafumba macho. Halafu watoto, kazi, mgongo, miaka ikapita sijaenda.

Jumamosi ile ya kuitwa nilikwenda na mjukuu wangu wa miaka tisa. Yeye Kiswahili anakisikia chote, hata cha kunong'onezana jikoni, lakini anajibu kwa Kiingereza, na mimi ananiita Nana. Binti wa simu akatupandisha mashua kwanza. Kona ikaja. Sauti ikaja, imekwaruza kidogo, lakini ni yeye. Mimi nikawa mbali sana. Nikaiona kanga ya Bibi, imekuwa rangi ya maziwa, lakini ni yenyewe. Nikaiona raba.

Mjukuu wangu hakuwa anaangalia kanga. Akauliza, kwa Kiingereza chake, polepole, "Nana, hawa ndio sisi?"

Nikafumbua macho vizuri. Na kweli, miaka yote ile mimi nilikuwa naona kanga. Mtoto aliona masanamu, weusi kama lami, midomo kama matairi, wamekaa kuzunguka chungu. Nikamkumbuka yule meneja na mkono wa baba yake. Kumbe na mimi nilikuwa na kona ambayo sitaki ivunjwe.

Ofisini walikuwepo binti na meneja wa sasa, kijana mwenye ndevu za kupangwa. Nikawaambia masanamu yatoke yote, hata la kanga. Wakaandika. Kisha kijana akasema, "Na sauti? Kama haisemi kinachosema ubao, tutaiondoa pia, tutafute mwigizaji. Hatutaki kudanganya watu tena."

Unaona mtego. Nikisema mamba, Bibi anabaki. Nikisema kiatu, Bibi anakwenda, na safari hii hana pa kwenda. Ulimi wangu ulishaanza kulikunja lile neno la mamba, nakuambia kweli. Lakini mjukuu wangu amekaa hapo, na amesikia kila neno mtoni.

Nikasema, "Uongo wa ubao ni wangu mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Yule ni bibi yangu, ananigombeza. Anasema nishuke kwenye jiwe lenu. Anauliza kiatu kingine kiko wapi. Anauliza kama nimekula, halafu anasema sijala."

Binti akaweka kalamu chini. "Nimekula," akasema, anaitamka kama mtu anayeonja kitu. "Mimi napiga kelele hiyo tangu nina miaka minne. Mama yangu alinifundisha. Ndiyo maana yake?"

"Ndiyo maana yake."

"Kwa hiyo hakuwa anatukaribisha," kijana akasema.

Hapo ndipo nikalitoa lile neno la kwenye gari. Bibi, nilipomwambia nimewadanganya kwamba anakaribisha wageni, aliniangalia akaniambia: "Wapi umedanganya? Ukimuuliza mtu kama amekula, umemkaribisha namna gani tena? Hao mamba tu ndio wako."

Yule binti alianza kucheka, kisha akajifuta macho, kisha akacheka tena. Kijana mwenye ndevu akachukua karatasi ya ubao, akachora mstari juu ya mamba.

Walifungua tena kiangazi hiki. Nilikwenda siku ya kwanza, na mjukuu, tena kwa haraka, hata chai sijanywa. Masanamu hayapo. Miti ya plastiki wameitoa, wameacha mierebi inayoota yenyewe. Konani kuna jiko la nje, mafiga matatu yamekaa sawasawa, maana nilikwenda kuyapanga mwenyewe kwa mikono yangu, sufuria juu yake linafuka moshi wa mashine, kamba ya nguo, na raba moja juu ya jiwe. Kanga wamenirudishia. Imeoza mikunjoni, ukiikunja tu inachanika.

Nyuma yetu kwenye mashua alikaa mzee mmoja Mzungu wa hapa hapa, kofia ya mvuvi, analalamika. Chungu kiko wapi? Kila kitu wanabadilisha. Si kama zamani. Na mimi, rafiki yangu, sikumchukia. Nami kuna vitu vilivyoondoka navitafuta. Lile gari la buluu. Unga wa njano, ambao tuliusema vibaya kila siku, sasa siupati ladha ile. Rafiki wa Bibi pale sokoni, na majani yao ya maboga. Sauti ya funguo za mama mlangoni. Hata yale masanamu mabaya, siku walipoyapakia kwenye lori nilisimama kuyaaga, nikajiambia, wewe mwanamke huna akili.

Kona ikaja.

"Umekula wewe? Hujala!"

"Nimekula!" Mashua nzima. Mzee wa kofia naye, kwa sauti kuliko wote, lafudhi yake imevunjika vipande. Na mimi nikapaza na wenzangu, kama nilivyozoea tangu utotoni kumjibu Bibi.

Mjukuu wangu akanigeukia. Akanishika mkono, akauinua puani, akanusa vidole kimoja kimoja bila haraka. Sijui nilimwambia lini habari hizo. Labda jikoni, nikidhani hasikilizi.

"Mwongo," akasema, kwa Kiswahili. "Hujala."

Tukashuka, tukaenda kutafuta chakula cha kula kwa mkono.